Makaimu Wanawake wa Hospitali ya Saratani

Nchi hii sitaitaja, maana ina sheria inayokataza kuitaja bila kibali, na mwenye kutoa vibali yuko likizo tangu sheria ilipopitishwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani, ina Wizara ya Afya, Usawa na Mambo Yanayofanana na Hayo, na ina hospitali moja ya saratani yenye mashine moja ya mionzi. Mashine hiyo serikali inaipenda sana. Picha yake imewekwa kwenye stempu.

Katika hospitali hiyo alifanya kazi Dokta Zawena Mpalule, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi mpaka chini kabisa, pale penye jina la mpiga chapa. Alisomea ubingwa wa saratani ng'ambo kwa miaka minne, akarudi na cheti. Cheti kilipokewa kwa makofi, kikatiwa kwenye jalada, na jalada likapelekwa masijala kushughulikiwa. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Kwa muda wote huo yeye na wenzake sita, wanawake watupu, waliendesha kliniki kila siku ya kazi, huku kwenye orodha ya watumishi wakiandikwa "wasaidizi wa mabingwa". Mabingwa wenyewe walikuwa kumi na mmoja, wanaume watupu, na hao ndio waliounda Kamati ya Mashine, chombo kinachoamua mgonjwa gani alale chini ya mashine, na lini.

Jumatatu moja asubuhi mhudumu wa ofisi ya mkurugenzi alikuja kliniki kumwita.

"Profesa anakuhitaji, Dokta. Kasema uje kwa raha zako, usikimbie."

Hapo ndipo Zawena alipoanza kushtuka.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu kiti."

Zawena alikitazama kile kiti. Ofisi ile alikuwa ameingia mara nyingi, na mara zote alisimama. Akakaa ukingoni, tayari kuinuka. Mezani palikuwa na glasi mbili za juisi ya ukwaju, na moja ilisogezwa upande wake. Hakuigusa.

Profesa Kindole, mkurugenzi, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti laini, na hakuwahi kuanza hoja yoyote kabla ya kuishukuru serikali. Akaishukuru. Kisha akaeleza kwamba Baraza la Bara linatoa Ngao ya Usawa kwa nchi ambayo angalau nusu ya mabingwa wake wa saratani ni wanawake. Kwamba ujumbe wa Baraza unakuja baada ya wiki tatu kuhesabu. Na kwamba Mheshimiwa Waziri ameshatangaza redioni kuwa ngao ni yetu.

"Sasa tumebaki na tatizo dogo tu," akasema. "Wanawake hatuna."

"Tupo saba, Profesa."

"Mpo, ndiyo. Nani atabisha kwamba mpo? Ila kwenye ikama hampo. Nafasi za ubingwa ni kumi na moja na zote zina wenyewe. Siwezi kumtoa mtu kwenye nafasi yake kwa sababu ya jinsia. Huo utakuwa ubaguzi, na serikali inaupinga kwa nguvu zote."

"Na majalada yetu?"

"Yanashughulikiwa." Profesa akafungua droo na kutoa karatasi kumi na mbili zilizobanwa pamoja. "Lakini Wizara haijalala. Huu ni Waraka Namba Kumi na Nne, wa Usawa wa Haraka. Mabingwa watano wanateuliwa kuwa Makaimu Wanawake."

Zawena alidhani hakusikia vizuri.

"Mabingwa gani?"

"Hawa hawa tulio nao. Dokta Mtunge, Dokta Kisheta, na wengine watatu. Wanabaki kwenye nafasi zao, ila wanakaimu uanamke. Na kwa kuwa nusu ya kumi na moja ni watano na nusu, na serikali haipendi kubabaisha hesabu, Dokta Sabasi atakuwa mwanamke kuanzia asubuhi mpaka saa sita mchana."

"Sasa mimi nimeitiwa nini, Profesa?"

"Kusaini tu hapa, ukurasa wa mwisho. Kwamba wanawake mmeshirikishwa."

Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa kifuniko. Zawena aliitazama, akaitazama juisi, akautazama uso wa Profesa uliokuwa unatabasamu kuliko kawaida. Akachukua waraka wote na kuukunja.

"Nitasaini nikishasoma."

"Kusoma?" Tabasamu la Profesa likapungua. "Waraka mzima?"

*

Kliniki alimkuta Bi. Tunu Shomvi akimsubiri nje ya mlango, mkoba wake wa vyeti ukiwa mapajani. Bi. Tunu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa mwanamke wa maswali. Dawa hakumeza kabla ya kuuliza imetoka wapi, na sindano hakuchomwa kabla ya kuona kifuko kikifunguliwa mbele ya macho yake.

"Dokta, niambie ukweli," akasema walipoingia ndani. "Mwezi wa nne mliponiandikisha kwenye foleni ya mashine nilikuwa namba arobaini na moja. Leo nimeambiwa ni namba hamsini na nane. Mimi hesabu nimesoma. Foleni gani inarudi nyuma?"

"Nani kakwambia hamsini na nane?"

"Imeandikwa dirishani. Sasa kama mmeona mimi ni wa kufa, semeni, nikamalizie sare za watoto wa watu."

Zawena alimpima. Uvimbe ulikuwa umeongezeka, na damu aliyokuwa akipoteza ilikuwa nyingi kuliko mwezi uliopita. Bado ulikuwa ugonjwa wa kutibika, lakini kwa wiki chache tu zijazo, na hilo alilijua bila kuambiwa na kamati yoyote. Alimwandikia damu ya kuongezewa, akamwambia asirudi kijijini, kisha akaenda moja kwa moja kwa Sista Eskola, muuguzi mzee aliyekuwa akitunza daftari la foleni.

Sista Eskola alichungulia korido kwanza, akafunga mlango, ndipo akafungua daftari.

"Mimi nanakili tu wanayoniletea," akasema kwa sauti ya chini. "Ukiulizwa, mimi nimenakili."

Katika daftari, wagonjwa waligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliitwa Wagonjwa Wenye Umuhimu wa Kitaifa. Humo mlikuwa na tezi dume ya kamishna mstaafu, tezi dume ya baba mkwe wa naibu waziri, na koo la mtangazaji wa taarifa ya habari. Hawa walisubiri wiki mbili au tatu. Fungu la pili liliitwa Inavumilika. Zawena alipitisha kidole kwenye majina ya Inavumilika, ukurasa baada ya ukurasa, na takriban wote walikuwa wagonjwa wake: matiti, mlango wa kizazi, matiti, mlango wa kizazi. Pembeni ya majina kadhaa palikuwa na msalaba mdogo wa penseli.

"Hii alama ni nini, Sista?"

"Hao hawaji tena."

"Na nani aliamua kwamba saratani ya kizazi inavumilika?"

"Kamati. Nadhani hakuna aliyesema haivumiliki. Pale mezani hayupo anayewatibu hawa." Sista Eskola akafunga daftari. "Wewe hukuliona hili."

Mchana huo Zawena hakwenda kula. Alijifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha madaktari wanawake, ambacho kilikuwa pia stoo ya madeki na ndoo, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuusoma waraka. Mwanzoni alisoma kwa hasira, akitafuta mahali pa kukataa. Alipofika aya ya tisa akarudi nyuma, akaisoma tena. Ilisema hivi: "Kaimu Mwanamke atakuwa na haki zote, wajibu wote na mazingira yote ya kazi ya daktari mwanamke, kama yalivyo hospitalini kwa sasa, ili ukaguzi usipate mwanya."

Aliisoma mara ya tatu, akihisi ni mtego. Wizara haikuwa na kawaida ya kuandika jambo lenye maana kwa bahati mbaya. Akageuza karatasi kutazama kama kuna maandishi madogo nyuma. Hayakuwepo.

Kesho yake alisaini, akadai nakala yenye muhuri, akagongewa. Kisha akafanya kazi ambayo alikuwa ameifanya kila mwezi kwa miaka tisa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka: akapanga ratiba ya zamu ya madaktari wanawake. Safari hii ilikuwa na majina kumi na mawili na nusu.

*

Dokta Faraji Mtunge alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa miraba minne, mwenye masharubu mazito aliyoyachana kila asubuhi. Aliingia kliniki Jumatano na ratiba mkononi kama mtu aliyeletewa samansi ya mahakama.

"Zawena, hii nini?"

"Ratiba, Dokta. Aya ya tisa."

"Mimi ni bingwa!"

"Ndiyo, na ni Kaimu Mwanamke. Umeandikwa wagonjwa arobaini leo, na Jumapili ni zamu yako. Koti utalitundika kule, kwenye ule msumari karibu na ndoo."

Alikwenda kwa Profesa kulalamika, na Profesa, kwa kuogopa ukaguzi, akamsihi avumilie wiki tatu kwa ajili ya taifa. Basi akakaa. Mgonjwa wa kwanza, bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake, alisoma kibao cha mlangoni kilichoandikwa "Madaktari Wanawake", akamtazama Mtunge juu mpaka chini, akauliza kwa upole:

"Sista, daktari mwenyewe anakuja saa ngapi?"

Siku tatu za kwanza Zawena alicheka peke yake. Siku ya nne alianza kumtilia shaka Mtunge, kwa sababu alikuwa ameacha kulalamika. Alimwona ameinama juu ya faili la Bi. Tunu kwa muda mrefu. Alimsikia akimuuliza Sista Eskola kuhusu daftari. Huyu anataka nini, Zawena alijiuliza. Anakusanya maneno ampelekee nani?

Ijumaa ya wiki iliyofuata Kamati ya Mashine ilikaa. Saa nane mchana Mtunge alimfuata Zawena stoo, akafunga mlango, akasimama katikati ya madeki, uso umemvimba kwa hasira.

"Nimesema kitu leo kikaoni," akaanza. "Wametuketisha sisi makaimu upande wa ukutani. Nikasimama, nikasema foleni ifuate tarehe na hali ya mgonjwa, maana kuna akina mama kule wanaoza na sisi tunawaita wanavumilika. Unajua Profesa alifanya nini?"

"Aliangalia dirishani."

"Umejuaje?"

"Endelea."

"Akaangalia dirishani, kisha akaniambia kwa kuwa nimeshasimama, niwamiminie wenzangu chai. Chai, Zawena! Halafu Sabasi, na saa sita ilikuwa imeshapita, akarudia maneno yangu yale yale, neno kwa neno. Profesa akampigia makofi. 'Hoja nzito, Dokta Sabasi.' Mimi nikaambiwa niiandike kwenye muhtasari."

"Na hoja ikaishia wapi?"

"Imewekwa kwenye kumbukumbu kwa ajili ya kufikiriwa." Akakaa juu ya ndoo. "Nyinyi huwa mnafanyaje?"

"Huwa tunarudia."

"Mpaka lini?"

Zawena alimtazama mtu mzima yule mwenye masharubu akiwa ameinamisha kichwa, akahisi kumwonea huruma, na papo hapo akajionya. Siku akirudishiwa uanaume wake atasahau kabla hajafika kwenye gari.

*

Ujumbe wa Baraza la Bara ulikuja na bendera, ukapokewa na ngoma. Mkuu wa ujumbe alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliyebeba fomu ndani ya bahasha. Makaimu Wanawake watano walipangwa mstari wa mbele, kila mmoja na ua kwenye koti, na Dokta Sabasi akiwa pembeni yao, kwa kuwa ilikuwa saa nne. Zawena na wenzake waliambiwa wabaki koridoni wasije wakavuruga hesabu.

Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani.

"Ndugu wageni," akanguruma, "katika nchi nyingine mwanamke anasubiri kuzaliwa mwanamke. Sisi tumekataa kusubiri! Hapa kwetu, uanamke si suala la maumbile. Ni suala la utashi wa kisiasa! Na ninawaahidi, ikibidi, mwakani tutakaimisha hata hospitali nzima!"

Makofi yakalia. Mama mwenye miwani alipita akihesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika kwa Mtunge alisimama, akayatazama masharubu. Mtunge alitazama mbele kama askari. Mama yule akageuza fomu, akatafuta, akageuza tena. Fomu ilikuwa na kisanduku cha "mwanamke" na kisanduku cha "mwanaume", na cha masharubu haikuwa nacho. Akaweka alama.

Akiondoka alipitia koridoni. Akasimama mbele ya Zawena na wenzake, ambao makoti yao yalikuwa na madoa ya dawa na mikononi walikuwa na mafaili.

"Na hawa ni akina nani?" akauliza.

"Hao ni wanawake wa kawaida," akajibu Profesa haraka.

Zawena alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa maneno wiki nzima, na nakala ya daftari la foleni ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne. Akamtazama yule mama machoni, na mama naye akamtazama, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama ameelewa kila kitu. Kisha akatazama saa yake na kusema anachelewa ndege. Zawena hakujua kama ameona na kunyamaza, au hakuona kabisa. Alilifikiria jambo hilo siku nyingi baadaye. Alichojua mchana ule ni kwamba ngao ilitolewa, ikapigwa picha, na Bi. Tunu alikuwa namba sitini na tatu.

*

Wiki iliyofuata makaimu watano walikwenda Wizarani wakiwa na barua moja yenye saini tano, wakitaka warudishiwe uanaume wao. Mtunge alinisimulia safari hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja msiba, na mimi nayaeleza kama alivyoyasema. Walipokelewa na karani wa masijala aliyewafungulia kanuni. Kaimu, kwa mujibu wa kanuni, haondoki mpaka apatikane mwenye nafasi. Kwa hiyo kaimu mwanamke angeondoka tu akipatikana mwanamke.

"Na asipopatikana?" Mtunge aliuliza.

"Unathibitishwa," karani akamjibu. "Baada ya miezi sita. Moja kwa moja mpaka kustaafu."

Ndipo mabingwa wale watano walipogundua kwamba usawa ni jambo la dharura. Walikaa kwenye ngazi za masijala wakagoma kuondoka. Majalada ambayo yalikuwa yakishughulikiwa kwa miaka tisa yalionekana siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana, chini ya kabati, yakitegemeza mguu wake uliovunjika. Na swali la mabingwa wale wataenda wapi halikuchukua hata saa moja: zilibuniwa nafasi tano mpya za Mabingwa Wakuu, zenye viti vya nyuma kwenye Kamati ya Mashine, bila kura ila na heshima zote. Dokta Sabasi tu ndiye aliyekwama. Kwa kuwa nusu mwanamke wa kumpokea hakupatikana, alibaki kuwa mwanamke kila asubuhi.

Barua tano zilifika kliniki Alhamisi. Zawena aliifungua yake taratibu na, kama kawaida yake, akasoma mpaka chini. Alipomaliza alimpa Dokta Siwema, rafiki yake waliyeanza kazi mwaka mmoja.

"Kwa kuwa ikama inaitambua nafasi hii kuwa ya Bwana," Siwema alisoma kwa sauti, "unateuliwa kuwa Bingwa, kwa cheo cha Kaimu Mwanaume." Akaishusha karatasi. "Mungu wangu. Zawena, mimi hii sisaini. Nimesoma miaka kumi na moja, nisaini kwamba mimi ni mwanaume wa muda?"

"Nimeona."

"Wewe utasaini?"

"Kuna kitu humu ndani, Siwema. Sijakiona, lakini kipo. Hawajatupa kitu bure tangu tuanze kazi."

"Basi usisaini."

Zawena alitazama nje. Kwenye benchi Bi. Tunu alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, midomo imepauka kwa upungufu wa damu. Alikuwa ameacha kuuliza maswali tangu juzi, na ukimya ule ulimtisha Zawena kuliko yote.

"Kikao ni kesho," akasema. "Ukisubiri ikama irekebishwe ni miaka mingine tisa."

Akasaini bila kumtazama rafiki yake usoni. Siwema alirudisha barua yake, ikapewa mwenzao aliyefuata, na tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa adabu tu, kama majirani waliogombania mpaka.

*

Kikao kilianza saa nne. Kwenye meza walikuwapo wapiga kura kumi na mmoja: wanaume watano wa zamani, wanawake watano waliokuwa wanaume kwa kukaimu, na Dokta Sabasi, mwanamke mpaka saa sita. Profesa aliongoza. Nyuma walikaa Mabingwa Wakuu na masharubu yao.

Zawena alisimama.

"Natoa hoja kwamba mafungu mawili yafutwe, na foleni ifuate tarehe na hali ya mgonjwa. Naomba kura."

Profesa aliangalia dirishani.

Zawena akarudia. Profesa akakohoa, akasema kabla ya lolote ni vema kuishukuru serikali. Akaanza na Mheshimiwa Waziri, akamshukuru kwa ngao, kwa stempu, kwa mvua. Akahamia kwa naibu waziri na baba mkwe wake. Ilipofika saa tano na nusu alikuwa amefika kwa wakuu wa mikoa, na alikuwa akiwataja mmoja mmoja. Zawena alitazama saa ya ukutani, akamtazama Sabasi, na hapo akaelewa. Profesa alikuwa akisubiri saa sita. Baada ya saa sita Sabasi angekuwa mwanaume, na mwanaume huyo alikuwa na mjomba kwenye Umuhimu wa Kitaifa.

"Profesa, naomba kura," akasema kwa mara ya tatu. Sauti yake ilipita juu ya meza kama haikutoka.

Nyuma yake kiti kiligongana na ukuta. Dokta Mtunge alikuwa amesimama.

"Profesa! *Bwana* Zawena anaomba kura!"

Profesa akasimama katikati ya mkoa wa nane. Akafungua faili, akasoma barua ya uteuzi, akavua miwani.

"Kumbe! Samahani sana, Bwana Zawena, sikukusikia. Hoja nzito." Na kwa kuwa kanuni za kamati zilisema hoja ya bwana haiwezi kuahirishwa, ikabidi aiitishie kura. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na tatu. Mikono mitano ya wanawake iliinuka. Wote wakamgeukia Sabasi. Alikuwa ametoa leso, anajifuta shingo, macho kwenye saa. Wiki tano za asubuhi alikuwa amekaa kliniki na wale akina mama. Wengine walimwita kwa jina.

"Mimi bado ni mwanamke kwa dakika saba," akasema kwa unyonge, akainua mkono.

Zawena alitoka kikaoni bila furaha aliyoitegemea. Alikuwa amepata alichokitaka, lakini masikioni mwake lilikuwa linalia lile "Bwana". Koridoni Mtunge alimpungia mkono kwa ushindi. Alimpungia pia, akiwaza ni lini atakuja kudai fadhila.

*

Foleni mpya ilibandikwa dirishani Jumatatu. Jumanne asubuhi Bi. Tunu, aliyekuwa ameongezewa damu chupa mbili na kupata nguvu kidogo, aliitwa kwenye chumba cha mashine. Alikuja na kanga yake na mkoba wake wa vyeti, akafika mlangoni, akakataa kuingia.

"Ijumaa nilikuwa namba sitini na tatu," akamwambia Zawena. "Leo naambiwa namba mbili. Mimi hapa sina ndugu, sina mtu. Kuna kitu mnanifanyia."

"Hakuna kitu, mama. Foleni imerekebishwa tu."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Kamati hiyo hiyo?" Bi. Tunu akatikisa kichwa. "Nionyeshe."

Mafundi wa mashine walikuwa wanasubiri. Zawena alikwenda dirishani, akabandua karatasi, akarudi nayo. Bi. Tunu akaisoma kwa kidole, kuanzia tarehe, mpaka muhuri, mpaka saini. Akalikuta jina lake. Kidole kikapanda mstari mmoja juu.

"Huyu namba moja, Mwanahawa Ligunda. Ameshaingia?"

"Hapana."

"Basi mwiteni kwanza. Mimi sitaki zamu ya mtu."

"Tulimwita jana, mama. Alifariki Alhamisi."

Bi. Tunu aliacha kidole pale pale kwenye jina. Ilikuwa imeandikwa kwamba Mwanahawa Ligunda alipokelewa mwezi wa kwanza, tarehe tisa.

"Tangu mwezi wa kwanza," akasema. "Na nyinyi madaktari wanawake mlikuwepo?"

"Tulikuwepo."

"Mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"

Zawena alitafuta jibu lenye heshima, la kumtosha mtu anayekwenda kulala chini ya mashine.

"Tulikuwa tunahesabiwa," akasema.

Bi. Tunu alimtazama kwa muda, kama anavyotazama sindano. Kisha akamrudishia karatasi, akavua viatu, akaingia.